Lipia Mwezi, Usilipie Mazoea

Kuna ujumbe mmoja ambao Wakenya wengi wanaujua hata bila kuusoma hadi mwisho. Unaingia kwa simu siku mbili tatu kabla ya mwezi kuisha, ukikukumbusha kwamba kifurushi chako cha TV kinakaribia kukatika. Unausoma ukiwa kwa matatu. Unaingia kwa menyu ya malipo, unaweka nambari ya kadi, unaweka kiasi kile kile cha mwezi jana, PIN, na maisha yanaendelea. Dakika moja, basi. Na katika hiyo dakika moja hakuna anayekuuliza: kwani huu mwezi unaoisha, hii TV ilitazamwa na nani?

Sisi tunaoandika mafunzo haya ya wateja tunafanya kazi katika kampuni ya malipo. Kazi yetu ni kurahisisha kulipa. Lakini wacha tuseme ukweli: kitu kikiwa rahisi kulipia, kinakuwa pia rahisi kusahau kwamba unakilipia. Kwa hivyo leo tunachukua upande. Tunaamini king'amuzi cha kulipia kinaweza kumfaa mtu kabisa, hata mtu wa mapato ya kawaida. Ila kinafaa kwa mwezi fulani, kwa sababu fulani. Mwezi ukifika na hiyo sababu haipo, usilipe. Ni hilo tu, ingawa kulitekeleza si rahisi, na sisi wenyewe lilitushinda.

Shilingi 20,000 zilizoondoka kimyakimya

Tuanze na ya kwetu, tusionekane tunahubiri. Nyumbani kwetu ni upande wa Mumias. Baba ni mwalimu mstaafu, Mama analima, na sisi watoto watatu tuko Nairobi na Nakuru tukitafuta. Tulikubaliana zamani kwamba TV ya nyumbani ni jukumu letu. Tunalipa kwa zamu, mwezi huu huyu, mwezi ujao yule. Kifurushi kilikuwa cha chini, shilingi 1,500 hivi.

Kombe la Dunia la Qatar lilipofika, Novemba 2022, tulipandisha kifurushi hadi shilingi 4,000. Baba alicheza mpira akiwa chuo cha ualimu, na tulitaka aone mechi akiwa kwa kiti chake, miguu juu ya stuli. Hiyo pesa hatuijutii hata kidogo. Fainali ya Argentina na Ufaransa tuliitazama pamoja, na kelele za Baba zilisikika hadi ng'ambo ya barabara.

Kombe likaisha tarehe 18 Desemba. Kifurushi hakikushuka. Si ati kuna mtu alikataa kukishusha; hakuna aliyekumbuka. Kila aliyefikiwa na zamu aliomba ujumbe wa mwezi uliopita, akanakili nambari ya kadi, akanakili na kiasi. Desemba, Januari, Februari, hadi Julai. Ni Agosti 2023, mmoja wetu alipotoa taarifa ya matumizi yake ya simu ili aombe mkopo wa sacco, ndipo akaona ile 4,000 imejirudia. Akauliza kwa grupu ya familia, "Kwani nyinyi mnalipa ngapi?"

Hesabu ilikuwa hivi. Tofauti ya vifurushi viwili ni shilingi 2,500. Miezi ya ziada ni minane. Jumla, shilingi 20,000.

Tulipompigia Baba kumuuliza kama huwa anazitazama hizo stesheni za michezo, jibu lake lilituchoma. "Mimi nilidhani ni nyinyi mnaozitaka," alisema, "mkija Krismasi."

Mama akaichukua simu. "Baba yenu siku hizi saa tatu ikimpata macho wazi ni bahati. Mpira wa usiku atautazamia wapi?" Halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo, akasema mfereji wa kukinga maji ya paa ulivunjika tangu mvua ya Machi. Alikuwa anachota maji kwa jirani. Tukamuuliza kwa nini hakutuambia. "Niliona mnajikaza na mambo ya TV," akasema, "nikaona nisiwaongezee."

Hapo tukanyamaza sote watatu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa la Mama. Pesa ya TV hutoka mfuko ule ule wa maji, karo na dawa. Ukiilipa bila kufikiria, kuna jambo lingine linasukumwa nyuma, na mara nyingi anayesukumwa hasemi.

Jua kwanza kilicho bure

Kuna watu hadi leo wanaamini kwamba bila kulipa kila mwezi, TV haiwaki. Tunafikiri imani hiyo ilipata nguvu 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analojia na kuhamia dijitali. Ghafla ile antena ya zamani pamoja na TV ya zamani havikutosha tena. Ikabidi nyumba iwe na king'amuzi. Wengi walinunua kile walichokikuta dukani, na kikawa cha kulipia.

Lakini vipo ving'amuzi vya bure. Unanunua mara moja, unafunga antena, na unapata stesheni za humu nchini kama KBC, Citizen, NTV, KTN na K24 bila malipo ya mwezi, mradi mawimbi yanafika kwenu. TV nyingi mpya hata hazihitaji kisanduku cha pembeni, kwa sababu king'amuzi kimo ndani. Angalia kwenye kasha au kitabu cha maelezo: ukiona maandishi DVB-T2, antena peke yake inaweza kutosha.

Fikiria basi ni vitu gani unavyotazama ambavyo tayari ni vya bure. Habari za Kiswahili za saa moja. Zile za Kiingereza za saa tatu. Mijadala ya siasa, ibada ya Jumapili, vichekesho, tamthilia kadhaa. Ukivitoa hivyo vyote, kinachobaki ndicho unacholipia. Kwa wengine kinachobaki ni kingi: mpira wa Ulaya, filamu, katuni za watoto mchana kutwa, makala za wanyama. Kwa wengine hakibaki kitu, na bado wanalipa.

Jambo la pili ni kujua unanunua mtambo gani, kwa sababu si kila king'amuzi cha kulipia ni cha setilaiti. DStv hutumia dishi. GOtv, ambayo ni ya kampuni hiyo hiyo ya MultiChoice, hutumia antena. StarTimes huuza aina zote mbili. Azam TV, iliyotoka kwa majirani zetu Tanzania, tunaijua kwa dishi.

Dishi hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti hiyo huzunguka kwa mwendo unaolingana na wa dunia, ndiyo maana fundi akishalielekeza dishi mara moja halihitaji kugeuzwa tena. Faida yake ni kubwa kwa aliye mbali: linashika hata bondeni ambako hakuna mnara wowote unaofika, mradi anga upande ule iko wazi. Hasara yake unaijua kama umewahi kutazama fainali mvua ikinyesha. Mawingu mazito yakijaa, picha inaganda, na hakuna wa kulaumu. Mti wa jirani ukikua ukaziba upande ule, ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo kama uko mjini na antena inashika vizuri, jiulize dishi unalitakia nini hasa. Kama uko mahali ambapo antena haishiki kabisa, dishi linaweza kuwa njia pekee ya kuona hata habari, na hapo mahesabu yanabadilika. Kwa mzee anayeishi peke yake mahali kama hapo, sisi tungelipa bila kubishana.

Na kabla hujatoa pesa dukani, muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: kifurushi kikikatika, stesheni za bure zinabaki au zinaenda pia? La pili: hii chaneli ninayoitaka iko katika kifurushi gani cha chini kabisa? Usikubali jibu la "zote ziko." Omba uone orodha. Vifurushi hubadilika, bei hupanda, chaneli huhama, na hata wenye kampuni hubadilika. Mwaka wa 2025 MultiChoice yenyewe ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Ulichoambiwa na rafiki miaka miwili iliyopita huenda hakipo tena.

Hesabu kwa saa

Watu hutuuliza, "Hiki kifurushi ni ghali?" Hatuwezi kujibu. Shilingi 1,500 inaweza kuwa ghali na 4,000 ikawa rahisi. Inategemea unazitumiaje. Njia tunayoipenda ni kugawanya pesa kwa saa.

Tuseme kuna nyumba ya watu watano inayolipa 1,500. Kila siku, kwa wastani, wanatazama stesheni za kulipia saa mbili. Kwa mwezi ni saa 60. Gawanya 1,500 kwa 60, unapata shilingi 25 kwa saa, na wamekaa watu watano. Hiyo ni bei ya mandazi mawili hivi. Burudani ya bei hiyo utaitafuta sana.

Tuseme tena kuna kijana anaishi peke yake Roysambu, analipa 4,000. Anatoka asubuhi, anarudi usiku akiwa amechoka, na wikendi yuko nje na wenzake. Akihesabu vizuri anapata saa 20 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 200 kwa saa, yaani chakula cha mchana kibandani kila akikaa saa moja mbele ya TV. Anaweza kuwa na pesa hizo na akaridhika. Ni haki yake. Lakini ajue bei anayolipa.

Kosa moja la kuepuka katika hesabu hii: usihesabu saa za stesheni za bure. Ukitazama habari za Citizen kupitia king'amuzi cha kulipia, hiyo saa hukuilipia wewe. Ungeipata bila kulipa.

Usikadirie kwa kichwa pia, maana kichwa hudanganya. Nyumbani tulimwomba Mama abandike karatasi ya daftari kando ya TV kwa wiki mbili, na kila anayewasha aandike alichotazama. Majibu yalikuja kwa picha ya WhatsApp. Habari kila jioni. Ibada. Tamthilia ya Mama siku tano kwa wiki, na hapo ameandika kwa herufi kubwa ili tusiiguse. Mechi mbili, ya pili Baba alilala kabla ya mapumziko. Katika orodha yote hiyo, vilivyohitaji kulipiwa vilikuwa tamthilia na hizo mechi mbili. Tamthilia ilikuwemo katika kifurushi cha chini.

Mpira tuuongelee peke yake

Tunajua wengi hamlipii TV. Mnalipia mpira. Basi tuuhesabu mpira.

Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, na kila timu inacheza mechi 38 kwa msimu, kuanzia Agosti hadi Mei. Hiyo ni miezi kumi. Gawanya 38 kwa kumi na unapata chini ya mechi nne kwa mwezi. Kama wewe ni Arsenal damu na huna shughuli na Brentford wakicheza na Everton, na unalipa 4,000 ili uione timu yako, kila mechi inakugharimu kama shilingi 1,000. Ukumbi wa pale sokoni ukilipisha shilingi 50, mechi hizo nne ni 200 kwa mwezi. Na huko kuna kelele, kuna utani wa Man U, kuna watu wa kukufariji.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Kuna mtu anayetazama kila mechi Jumamosi na Jumapili, na Jumanne na Jumatano akiwa na Ligi ya Mabingwa. Kwake 4,000 imegawanywa mara nyingi. Kuna nyumba ambayo marafiki sita hukutana na wanachanga. Na kuna dada anayependa mpira kama mtu mwingine yeyote, ila hataki kutoka ukumbini saa sita usiku akitembea peke yake hadi kwa ploti. Usalama wake una bei, na akiamua kulipia ili atazame nyumbani, hatuna neno.

Tunalolipinga ni kulipia Juni na Julai. Ligi imefungwa. Wachezaji wako likizo. Kama hakuna mashindano ya mataifa mwaka huo, miezi hiyo miwili kwa 4,000 ni shilingi 8,000 za kutazama marudio na tetesi za usajili. Mtu akikuuzia tikiti ya mechi ambayo haichezwi utamwita tapeli. Hapa tunajiuzia wenyewe.

Tena kuna miezi ya kulipia kwa moyo mweupe. AFCON ya 2027 itachezwa hapa kwetu, Uganda na Tanzania. Ukitaka kuiona kwa kifurushi kikubwa, anza kuweka akiba kidogo kidogo mapema, na kabla ya kulipa angalia stesheni za bure zimepewa mechi zipi. Mashindano makubwa aghalabu huwa na mechi kadhaa zinazoonyeshwa bure, na mara nyingine hizo ndizo ulizokuwa unazitaka.

Na intaneti je?

Vijana wenzetu wanatuambia dishi ni la wazee, kila kitu kiko kwa simu. Si kweli kila mahali. Video ya HD inaweza kumaliza hadi GB 3 kwa saa moja. Mechi moja na mapumziko yake ni karibu saa mbili, kwa hivyo unakaribia GB 6. Piga hesabu ya bando zako halafu uzidishe kwa mechi nne. Kwa anayenunua bando za siku, dishi lina faida moja kubwa: ukitazama saa moja au saa mia, bei ya mwezi ni ile ile.

Lakini kama tayari unalipia intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo cha data, na jioni watoto wako YouTube na wewe uko Netflix, basi king'amuzi kinachowaka taa nyekundu pembeni kinakula pesa bure. Chagua kimoja kwa miezi mitatu uone. Kulipia vyote viwili ni sawa, mradi vyote viwili vinatazamwa.

Pesa yenyewe imetoka wapi?

Hili ndilo swali tunalotaka ubaki nalo hata ukisahau mengine yote. Msimamo wetu hapa ni mkali: TV isilipiwe kwa mkopo wa simu. Tunasema hivyo tukijua kwamba mikopo ni sehemu ya biashara hii ya pesa za simu. Mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali usiku tunauelewa. Mkopo wa kuongeza stoki ya duka utajilipa. Mkopo wa kuona mechi ya Jumamosi unaulipa ukiongeza ada juu, na mechi yenyewe ilishaisha, labda mlifungwa.

Tumia mpangilio huu. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, karo, tokeni za stima, pesa ya nyumbani kwa wazazi, akiba hata kama ni ndogo. Vyote hivyo vikishapata vyake na kuna kilichobaki, hapo TV iingie kwa mstari. Isipofikiwa mwezi huu, itafikiwa mwezi ujao. Kifurushi kikikatika hakuna anayekuja kung'oa dishi.

Tunajua pia kuna aibu. Watoto wanaenda kwa jirani kutazama katuni, na wewe unajisikia vibaya. Mgeni anakuja anakuta kioo kinaandika kwamba hujalipa. Haya mambo yanauma na hatuyachekelei. Lakini waulize watoto wenyewe wanataka nini. Mara nyingi ni chaneli moja au mbili, na inawezekana ziko katika kifurushi cha chini. Wengine huuza vifurushi vya wiki au hata vya siku. Wiki mbili za likizo ya shule zinaweza kutosha, na wakifungua shule unapumzika.

Ukiamua kulipa, lipa hivi

1. Andika kiasi upya kila mwezi. Usinakili cha mwezi jana. Hizo sekunde tano za kuandika "1500" kwa mkono ndizo zitakazokuuliza kama bado unakitaka.

2. Hakikisha nambari ya kadi, tarakimu moja baada ya nyingine, kabla ya PIN. Ukikosea, unaweza kuwa umemlipia mtu usiyemjua. Nambari ya kadi ya nyumbani iandikwe mahali pamoja na kila anayelipa aione.

3. Soma jina la kampuni linalotokea kabla ya kuthibitisha. Usipoliona lile unalolitarajia, simama hapo hapo.

4. Lipa mapema, si dakika tano kabla ya mechi. Watu wengi hulipa saa hiyo hiyo. Ujumbe wa uthibitisho uuweke hadi picha irudi, na ikikawia ndio utakaoutumia ukipiga simu.

5. Mtu akikupigia akisema atakufungulia chaneli zote kwa nusu bei, utume pesa kwa nambari yake binafsi, kata simu. Malipo ya TV huenda kwa nambari rasmi ya kampuni. PIN yako hahitaji mtu yeyote, hata sisi.

6. Usiweke kifurushi kikubwa kwenye malipo yanayojirudia yenyewe. Kwa kodi ya nyumba mpango huo unasaidia. Kwa TV unakusahaulisha, na sisi tulisahau hata bila kuuweka.

7. Mara moja kwa mwaka, acha kikatike makusudi. Kaa siku saba. Sikiliza nani analalamika, na analalamikia nini hasa. Hicho anacholalamikia ndicho ukilipie. Siku nne zikipita bila mtu kuuliza, umepata jibu lako.

Ilivyo nyumbani saa hii

Tulishuka kwa kifurushi cha chini Agosti hiyo hiyo. Tamthilia ya Mama haikuguswa. Zile 2,500 hatukuzirudisha mifukoni mwetu. Anayefikiwa na zamu huzituma kwa simu ya Mama, moja kwa moja, na hatuulizi za nini. Mfereji ulirekebishwa mwezi wa kwanza. Tangi la maji lilikuja baadaye, na siku lilipofika alitutumia picha akiwa amesimama kando yake kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Desemba tukienda nyumbani tunapandisha kifurushi kwa mwezi mmoja, kwa kujua, na mmoja wetu ameweka kengele kwa simu ya tarehe ya kushusha. Tunakaa na Baba, tunatazama mpira wa jioni, tunabishana kuhusu refa. Hiyo pesa tunaona imeenda mahali pake. Bado analala kabla ya mapumziko.

Kwa hivyo ujumbe ule ukiingia kwa simu yako mwezi huu, usiufute na usiulipe papo hapo. Subiri ufike nyumbani. Uliza walio mbele ya TV wanatazama nini, na uliza asiyekuwa mbele ya TV anahitaji nini. Halafu ndipo uandike kiasi.